Kwa nini kila mchezo wetu unakufa Bwana Msa akishaingia?

Bahari_Shwari (Tanga)
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu juzi. Wanaocheza michezo ya kuvaa wahusika nisaidieni, na msiocheza pia karibuni.

Kwa wageni: tupo watu 14 kwenye kundi la Telegram. Kila mmoja anachagua mhusika wa hadithi ya zamani, anamvaa, halafu tunaandika kisa kimoja kwa pamoja, kila mtu kwa aya yake na kwa sauti ya mhusika wake. Ukiwa na neno lako mwenyewe, mfano "naenda kupika, narudi", unalitia kwenye mabano. Mwiko mkubwa ni mmoja: humfanyishi mhusika wa mwenzio jambo. Ngumi unaweza kuirusha, lakini kama imempata au imemkosa ataandika yeye.

Mchezo wa mwisho ulikuwa jahazini. Majira ya maleleji, upepo umelala, chombo kimekwama nje ya mdomo wa Pangani, maji ya kunywa limebaki pipa moja. Abiria: Abunuwasi, Sungura, Fumo Liyongo, yule Paa wa Sultani Darai, Joram Kiango wa riwaya za Ben Mtobwa na Nuru wake, na wengineo. Paa kapoteza almasi. Wiki 11 tulicheza, jamani. Sungura anaapa hajaiona huku shavu moja limevimba. Abunuwasi anamdai nahodha arudishe nauli kwa sababu "nimelipia kwenda, sikulipia kukaa". Usiku Liyongo anaimba na watu wananyamaza kweli, hata kwenye mabano hakuna anayeandika.

Kisha mwenzetu mmoja akaja na Bwana Msa, yule wa riwaya za upelelezi. Akapanda kwa ngalawa, akakaa juu ya gunia la nazi, akawasha kiko. Siku ya nne mchezo umekufa. Hakuna aliyegombana na mtu, watu walinyamaza tu.

Ningesema bahati mbaya, ila ni mara ya tatu. Mchezo wa kwanza, nyumba ya wageni Mombasa, ulikufa Machi 2023, siku sita baada ya polisi huyu kuingia. Wa pili, barazani kwa Sultani, Machi 2024. Huu wa jahazi Novemba 2024. Waliomvaa ni watu watatu tofauti, kwa hiyo msiniambie ni mchezaji mbovu. Kwa nini?

Mpiga_Mbizi
Nimetandika mkeka. Wajuzi waje.

Ndimu_Kavu (Morogoro)
Mbona jibu liko wazi. Kazi ya mpelelezi ni kufunga. Anaingia kwenye kisa ili kiishe. Sungura kazi yake kufungua: leo kaiba asali, kesho yuko shambani kwa mtu mwingine na hakuna anayemuuliza ya jana. Mmekusanya wahusika wasio na mwisho, halafu mkawaletea mmoja ambaye kila alikopita kisa kimekwisha. Nyie wenyewe mlijua almasi ikipatikana hakuna tena safari.

Bahari_Shwari
@Ndimu_Kavu hilo linaeleza mchezo wa kwanza. Kule Mombasa, Msa wa wakati ule alisema kwenye aya yake ya pili kwamba pete imo kwenye unga wa mpishi, na ikawa imekwisha. Lakini jahazini hakusema kitu! Kaingia, kakaa, kavuta kiko siku nne. Almasi mpaka leo haijulikani iko wapi.

Mwana_Kikwajuni (Unguja)
Nikurekebishe kidogo, @Bahari_Shwari. Bwana Msa si polisi na hajapata kuwa polisi. Polisi mule ni Inspekta Seif. Msa ni mtu na kiko chake, anayetafutwa watu wakishakwama. Muhammed Said Abdulla alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 ikachapwa 1960. Na yeye Abdulla, kabla ya uhariri wa magazeti, alikuwa mkaguzi wa idara ya afya. Mie siku zote naona ukaguzi ule umo ndani ya Msa: anaingia nyumba ya mtu na macho yanakwenda penye pembe, chini ya mtungi, nyuma ya mlango.

Sasa niulize, na nauliza kwa dhati: nani alimvaa Najum, yule mwenzake Msa? Msa bila Najum ni mzee anayevuta tumbaku. Akili yake twaiona kwa kuwa yupo mtu pembeni mwake wa kushangaa, wa kuuliza lile ambalo sisi tungeliuliza, wa kubahatisha akakosea. Nyie mmempandisha chomboni peke yake, kila abiria akaona haya kuwa mjinga mbele yake. Mchezo ambao hakuna anayekubali kuwa mjinga hauendi.

Mpiga_Mbizi
Hapo kwenye Najum umenigusa bibiye.

Karatasi_ya_Pili (Kisumu)
Hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya upili, na nina maoni tofauti na ya Mwana_Kikwajuni.

Sungura hana ukurasa. Mfanye aseme neno lolote, hakuna mtu atakayekuja na kitabu kukuambia "hakusema hivyo". Bwana Msa ana ukurasa. Akiingia tu, kila mchezaji anageuka mtahini. Naliona darasani kila muhula. Nikiwapa wanafunzi waigize Fisi na Sungura, darasa linawaka, hata yule msichana wa nyuma ambaye hajaongea tangu Januari anabweka kama fisi. Nikiwapa mhusika wa kitabu teule, wanasimama wima kama wanaapa mahakamani, kila mmoja anatafuta sifa tatu na mifano mwafaka. Hofu ya kukosea ndiyo iliyoua jahazi lenu.

Bahari_Shwari
Mwalimu, ahsante, ila Joram Kiango naye ana kurasa, tena nyingi, na alikuwa jahazini tangu wiki ya pili. Hakuua kitu.

Gari_la_Usiku (Dar)
Mimi ndiye Joram wa jahazini, nijibu hilo.

Joram wa Ben Mtobwa anakimbia, anapigwa, anatekwa, anadanganywa. Ana mlango wa kuingilia. Wiki ya tano Sungura alinifunga kamba usingizini (kwa ruhusa yangu, tulikubaliana mabanoni) nikaamka nimefungwa kwenye mlingoti na Nuru ananicheka. Joram anaweza kucheka hapo. Mfunge Msa kwenye mlingoti uone! Hakuna aliyethubutu hata kumwombea kibiriti. Kwa hiyo mimi sisemi ukurasa, wala sisemi kufunga kisa. Nasema huyu mtu hatendewi. Mhusika asiyetendewa ni ukuta.

Ndimu_Kavu
Ukuta ndio mwisho wa njia mkuu, tumerudi kwangu.

Gari_la_Usiku
Haturudi kwako hata kidogo. Wewe unasema anamaliza. Mimi nasema hamwezi kumwanza.

Nahodha_Mstaafu (Lamu)
Wanangu, nimewasoma wote. Mimi michezo hiyo ya kwenye simu nimeijua kwa wajukuu, lakini jambo lenyewe si jipya kama mnavyolidhani.

Hadithi kwetu huanza kwa watu wawili. Mmoja anasema "Paukwa", wa pili asipoitika "Pakawa" basi hakuna hadithi usiku huo, mtalala. Bibi yangu alikuwa akiita mara tatu, akisikia mwitikio dhaifu anazima taa. Sasa huyo Msa wenu ana mwitikio gani? Sungura akisema, Fisi anajua la kujibu. Abunuwasi akimwambia Sultani neno, Sultani anajua la kukasirikia. Liyongo akiimba, yuko mama yake wa kuipokea nyimbo. Bwana Msa anavuta moshi. Moshi unaitikiwa vipi?

La pili ni mwendo. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walikuwa wakirushiana mashairi, la huku likijibu la kule, na shairi lilisafiri kwa chombo. Sisi tulipokuwa vijana tulifuata malumbano ya washairi magazetini, na jibu ulilingoja wiki, pengine mwezi. Ule mngojeo ulikuwa nusu ya utamu, mtu unatembea na ubeti kichwani unajiuliza fulani atatokea wapi. Nyinyi mnaandikiana kwa dakika. Mtu wa kufikiri hawezi kuvaliwa kwa dakika. Mpeni Msa wiki nzima kwa kila aya muone.

Mpiga_Mbizi
Shikamoo nahodha. Nikiwa mkubwa nataka kuwa kama wewe.

Karatasi_ya_Pili
Shikamoo mzee. Naongezea tu: Abunuwasi mwenyewe alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad zama za Harun Rashid. Sisi pwani tukamvaa zaidi ya miaka 1,000 baadaye tukamfanya mjanja wa kijiji. Watu walishamvaa mpaka nguo imechakaa, ndiyo maana inamkaa kila mtu. Msa hajafika hata miaka 70. Nguo mpya inabana.

Saa_ya_Leeds (Uingereza)
Salaam kutoka kwenye baridi. Nacheza huku na Waingereza tangu nisome chuo, nina uzoefu wa pande mbili.

Mchezo wa maandishi wa watu wengi kwenye kompyuta moja ulianzia hapahapa, Chuo Kikuu cha Essex, 1978, wakauita MUD. Miaka ya 90 ikajaa michezo ya aina hiyo kwenye dunia za vitabu, ya Tolkien na ya mazimwi ya Anne McCaffrey. McCaffrey aliwaruhusu wasomaji wake wacheze lakini akawawekea masharti: wahusika wake wakubwa msiwavae, tengenezeni wenu mkae nao dunia moja. Wengi walinung'unika. Mimi nimekuja kumwelewa. Kundi langu la hapa tunacheza London ya Sherlock Holmes, na kanuni yetu ya kwanza ni kwamba Holmes yuko safarini. Anaandika barua. Kiti chake kipo, fidla yake ipo, wateja wanabisha hodi, na sisi tuliobaki tunahangaika: mwenye nyumba, watoto wa mtaani, Inspekta Lestrade. Miaka minne sasa hatujafa.

Kwa hiyo mimi nasema Msa si mbaya. Kamwekeni mbali kidogo tu.

Na jambo jingine, ninapoishi si mbali na Haworth, walikokulia kina Brontë. Wale watoto wanne walicheza mchezo huuhuu bila intaneti. Baba yao alileta boksi la askari 20 wa mbao, kila mtoto akachukua wake akampa jina. Charlotte akamvaa Jenerali Wellington, Branwell akamvaa Bonaparte. Wakaandika vitabu vidogo vya kutosha kiganjani, miaka na miaka. Askari akifa, wao wanne waligeuka majini wakuu wakamfufua. Wazo la majini walilitoa kwenye Alfu Lela Ulela. Nilipoona vile vitabu kwenye kioo cha jumba la makumbusho, maandishi madogo kama ya mchwa, nililia, na sikuona aibu.

Karatasi_ya_Pili
Dada, kisa kitamu, ila askari walikuwa 12. Ilikuwa Juni 1826.

Saa_ya_Leeds
12, ahsante mwalimu.

Mwana_Kikwajuni
Hilo la majini ndilo linalokosekana kwenu! Pwani nzima hii, mchezo una Abunuwasi na Paa anayesema, na hakuna hata jini mmoja wa kufufua?

Wakili_wa_Mtaa (Dodoma)
Samahani kuingia na viatu. Mmeomba ruhusa? Kumtumia mhusika wa mtu aliyefariki majuzi si sawa na kumtumia Sungura. Huenda ndiyo maana watu walinyamaza, waliogopa.

Gari_la_Usiku
Hakuna aliyeogopa mahakama pale, kaka. Tupo 14 na hatuuzi kitu.

Wakili_wa_Mtaa
Sijasema mtashitakiwa, nasema mjue. Sheria ya hakimiliki ya Bara ya 1999 na ya Kenya ya 2001 zote zinahesabu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufariki. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hesabu hiyo Karama wa Kusadikika yuko huru tangu 2013. Abdulla alifariki 1991, kwa hiyo ni mpaka 2041. Mtobwa 2008, hesabuni wenyewe. Holmes wa dada wa Leeds yuko huru tangu 2001.

Saa_ya_Leeds
Uingereza ndiyo, iliisha mwisho wa 2000. Marekani hadithi za mwisho za Holmes zilifunguka 1 Januari 2023 tu.

Mwana_Kikwajuni
Na Zanzibar ina sheria yake, ya 2003. Msitupimie kwa ya Bara.

Wakili_wa_Mtaa
Nimepokea zote mbili.

Ndimu_Kavu
Karama wa barazani kwa Sultani namkumbuka, nilikuwa mtazamaji. Aya zake zilikuwa ndefu nilikuwa naweka maji ya chai jikoni, narudi, bado anajitetea.

Mpiga_Mbizi
Lakini si ndivyo alivyo? Kitabuni kajitetea kwa visa vya wajumbe sita. Huyo mchezaji alimvaa sawasawa.

Kivu_Asubuhi (Bukavu)
Jambo yenu wote. Munivumilie Kiswahili chetu cha huku.

Munamusingizia huyu mzee bure. Angalieni tarehe. Machi 2023, Machi 2024, Novemba 2024. Ramadhani ya 2023 ilianza karibu na tarehe 23 Machi, ya 2024 karibu na 11 Machi. Novemba Wakenya wako kwenye mitihani ya taifa, na walimu wao pia. Watu walishughulika. Sisi huku umeme ukikatika siku tatu, mutasema tena Bwana Msa ndiye aliyezima? Mchezo unachoka wenyewe kwenye wiki ya kumi na kitu, ndipo mutu mupya anaingia na muhusika mukubwa ili kuufufua, halafu anauona unakufa mikononi mwake. Munashika daktari munasema ndiye aliyeua mugonjwa.

Bahari_Shwari
Duh. Hii sikuifikiria kabisa. Ni kweli nilimkaribisha Msa jahazini kwa sababu niliona watu wamepungua kasi. Nahitaji kurudi kusoma.

Mwana_Kikwajuni
Ndugu wa Bukavu, hoja yako nzuri lakini Ramadhani umeikosea. Ramadhani ndiyo wakati wetu wa kucheza! Mwaka ule wa kwanza tulikuwa tukimaliza tarawehe tunaingia mchezoni mpaka daku. Mie niliandika aya yangu bora kabisa saa kumi kasoro usiku, mkono mmoja simu, mkono mmoja nakoroga uji.

Mpiga_Mbizi
Uji wa nini? Tusije tukapita hapo hivihivi.

Mwana_Kikwajuni
Wa pilipili manga. Na mkate wa kumimina uliobaki wa futari.

Mpiga_Mbizi
Nimeelewa kwa nini mchezo wa kwanza ulikuwa mtamu.

Mgeni_wa_Muscat
Assalaam alaykum. Nimesoma kurasa zote mbili za uzi huu kabla ya kujiandikisha. Mimi ndiye niliyemvaa Bwana Msa jahazini.

Wazazi wangu walitoka Unguja. Baba alikuwa na kitabu cha Msa kilichokatika jalada, amekishona kwa uzi mweusi wa kushonea kanzu. Kiswahili changu nimekipata humo zaidi kuliko kwa watu, kwa sababu shule na kazini hapa ni Kiarabu na Kiingereza. Baba alifariki 2021. Nilipoona mnacheza na kuna nafasi, niliingia kwa ajili yake. Niliogopa, mwalimu wa Kisumu kasema kweli. Kila aya niliiandika, nikaifuta, nikakiendea kitabu kuona kama Msa angesema "ehe" au "naam".

Lakini kilichotokea hakikuwa hofu yangu peke yake. Niliporudi kusoma jana nilihesabu ujumbe wa siku ya mwisho. Ulikuwa 21. Katika hiyo, 17 ulianza na "Bwana Msa". Sungura aliniambia mimi. Abunuwasi, ambaye wiki nzima alikuwa akimchokoza nahodha, akamwacha nahodha akaniambia mimi. Paa akalia mbele yangu. Hakuna aliyemjibu mwenzie tena. Wote walinigeukia wakangoja, na mimi nilikuwa nangoja wao waendelee kugombana ili nipate kusikia neno la kunisaidia, maana Msa anapata mambo yake kwa kusikiliza watu. Nilikaa na kiko siku nne kwa sababu hiyo. Sikujua kuwa mnaona nimenyamaza kwa ujuzi. Nilinyamaza kwa sababu kila mtu alinyamaza.

Niwieni radhi kwa jahazi.

Bahari_Shwari
Ndugu yangu wa Muscat, hakuna anayekudai radhi hapa. Mimi ndiye nilipaswa kuuliza mabanoni siku ya pili. Na pole kwa mzee.

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu, Mungu amrehemu baba yako. Kitabu kile kishone tena.

Gari_la_Usiku
Nimerudi kusoma sasa hivi. Hata mimi, Joram Kiango, mtu mwenye bastola, siku ile nilianza na "Bwana Msa". Sikujiona kabisa.

Tupa_Mkateni (Likoni)
Naomba nipinge kidogo, kwa heshima yote ya ndugu wa Muscat, maana mimi ndiye Liyongo na nilikuwa jahazini tangu siku ya kwanza.

Liyongo ni mkubwa kuliko Msa. Urefu wake, nguvu zake, nyimbo zake. Ninapoandika aya, watu wote hunigeukia mimi pia, wala mchezo haukufa. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu ndani ya jahazi alijua habari ya sindano ya shaba, ile ya kuchomwa kitovuni ndiyo pekee ya kumuua Liyongo. Nakumbuka wiki ya saba, mvulana mmoja anayemvaa mtoto wa nahodha aliandika tu: "Mtoto akaokota kitu kidogo kinachong'aa kwenye mbao, akakitia mfukoni." Hakusema ni nini. Watu walipagawa! Sungura akamfuata mtoto nyuma siku mbili. Abunuwasi akajitolea kumnunulia mtoto shati lisilo na mfuko. Mimi mwenyewe niliacha kulala chali. Niliandika Liyongo analalia tumbo kufunika kitovu, nikasikia ubaridi mgongoni, kwenye kiti changu, Likoni, mchana kweupe.

Liyongo wote wanajua mwisho wake. Msa anajua mwisho wa wote na hakuna anayejua wake. Mimi naona hapo ndipo panapouma. Sielewi kwa nini, lakini nilikuwa tayari kumlinda na kumhurumia Liyongo, na Msa sikupata pa kumshikia.

Karatasi_ya_Pili
Na akifa, utendi unasema alipiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa wakidhani yu hai. Mama yake akawa anakwenda kumwimbia atulie, naye amekwisha kufa. Ndio mhusika wa kuchezwa huyo.

Ndimu_Kavu
Kwa hiyo kisa cha Liyongo kina mwisho na hakikuua mchezo. Nimebanwa. Lakini sijaacha hoja yangu, nairekebisha: anayefunga kisa cha mwenzio ndiye anayeua.

Kivu_Asubuhi
Na mimi sijaacha yangu. Wiki ya kumi na moja!

Tupa_Mkateni
Halafu jambo moja jingine ambalo hamjalisema. Kati ya abiria wote, wanawake walikuwa wangapi? Nuru, na Nuru alikuwa anaandikwa na mwanamume. Mimi nimemvaa Liyongo kwa sababu nilipotafuta mwanamke wa hadithi za zamani mwenye kazi ya kufanya, nilipata wachache mno. Na jina langu hapa nimelitoa kwa mmoja wao: Saada, kijakazi aliyepeleka mkate wa wishwa gerezani alikofungwa Liyongo. Walinzi wakala mikate mizuri, wa wishwa wakamwachia mfungwa, tupa imo ndani. Mama alitunga hila, Liyongo akapata sifa, na Saada ndiye aliyetembea na mkate mbele ya walinzi. Alikuwa anafikiria nini njiani? Nani amewahi kumuuliza?

Saa_ya_Leeds
Mvae.

Mwana_Kikwajuni
Mvae Saada, shoga. Mie nitakuwa mlinzi ninayekula mkate mzuri.

Nahodha_Mstaafu
Mlinzi huyo awe na njaa ya kweli. Asikubali upesi.

Bahari_Shwari
Wakuu, nimefikiria usiku kucha. Nafungua mchezo mpya Ijumaa baada ya swala. Gereza la Pate, usiku ule wa mkate. Wa zamani na wapya karibuni. @Kivu_Asubuhi nitaandika tarehe kila wiki ili tuone wiki ya kumi na moja itatufanya nini. @Wakili_wa_Mtaa Liyongo hana mrithi wa kutudai, tulia. @Mgeni_wa_Muscat naomba urudi na Msa. Sijui kama dada wa Leeds ana haki, au nahodha, au mwalimu. Nataka kuona kwa macho yangu akiwemo. Ila safari hii kuna sharti: hakuna aya inayoanza na jina lake.

Mgeni_wa_Muscat
Sitarudi na Msa, ndugu yangu. Nipeni Najum. Nataka kuwa yule anayeuliza.

Mwana_Kikwajuni
Subhanallah.

Gari_la_Usiku
Sasa Msa nani?

Ndimu_Kavu
Abaki bila mtu kwanza. Najum amngoje.

Mgeni_wa_Muscat
Basi naanza hapahapa, mtaihamisha Ijumaa.

Najum alifika Pate magharibi, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Mfukoni alikuwa na kiko kisicho chake. Msichana mmoja alimpita kwenye uchochoro, kikapu kichwani, harufu ya mkate wa moto ikimfuata. Najum akamsalimu, kisha akamuuliza: "Mwanangu, mbona mkate mmoja umeuweka chini kabisa?"

Tupa_Mkateni
Saada akasimama.